Ukuta Ndani ya Juzuu ya Tano

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha walimu. Ajenda ya mwisho imeniharibia siku, na nahisi itaniharibia muhula mzima.

Ramani amependekeza hadithi za Bweni la Juu ziingizwe kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa na kidato cha pili. Ramani ni mwalimu wa Jiografia. Narudia: Jiografia! Mwalimu wa Fasihi ni mimi. Mlezi wa maktaba ni mimi. Mwandishi wa Ukuta na Nafsi, riwaya pekee iliyowahi kutoka kwa mtu yeyote wa chumba kile, ni mimi. Aliyepigiwa makofi ni mtu ambaye kazi yake ni kueleza mvua inatoka wapi.

Kwa watakaoisoma shajara hii nikishafariki (na watakuwepo): Bweni la Juu ni mfululizo wa vitabu vya vijana. Msichana wa shule ya bweni anampenda kijana asiye na kivuli. Basi. Juzuu nne za hilo tu, na ya tano iko njiani. Nakala za maktaba zimesomwa mpaka zimefungwa utepe wa gundi pande zote. Nakala ya Ukuta na Nafsi, rafu ya jirani, bado inanukia kiwanda.

Nikasimama. Nikasema kupendwa na wengi si kipimo cha uandishi mzuri. Soda inapendwa na wengi, na hakuna aliyewahi kuiita chakula. Niliridhika sana na hilo la soda. Ramani akajibu kwamba watoto wanaosoma chini ya dawati wakati yeye anafundisha tabaka za miamba wanamkera, ila angalau wanasoma, na kwamba katika miaka yake yote hajawahi kumkamata mtoto amejificha na Ukuta na Nafsi. Walimu wakacheka. Hata wa Dini!

Mkuu wa shule, mwanamke asiyecheka hovyo, akakata shauri. Mwandishi wa vitabu hivyo atakuja kuzungumza na wanafunzi Ijumaa ya wiki ijayo, Ramani ameshamwalika. Baada ya hapo Mkuu ataamua kuhusu orodha. Ataamua pia nani aongoze Klabu ya Usomaji. Klabu ni yangu! Nimeianzisha mimi. Wanachama wake ni wachache, nakiri, lakini ni waliochujwa.

Nimerudi nyumbani na moyo mzito. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili hapohapo shuleni, alikuwa akila kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa chini ya meza, umeshika juzuu ya nne. Nimemweleza msiba wote. Akasema, pole Baba, akafungua ukurasa mwingine.

Zamani nilikuwa nikimsomea kila jioni. Alilalia mkono wangu mpaka mkono unakufa ganzi, na sikuuondoa. Sasa anafunga mlango wa chumba chake. Huyu kijana asiye na kivuli ameninyang'anya mtoto. Naandika bila kuficha: inaniuma.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: Jaribio la Haki.

Nimesoma kwa sauti kurasa mbili sebuleni, bila kutaja ni za nani. Ya kwanza ya Bweni la Juu, ya pili ya Ukuta na Nafsi. Wasikilizaji: mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa akishona sare za watu, na binti yangu, aliyetolewa chumbani kwa amri.

Nilipoanza Bweni la Juu, cherehani ilisimama. Ilibaki imesimama mpaka mwisho wa ukurasa. Mke wangu akauliza kama yule msichana alifungua dirisha au hakufungua. Nilipoanza Ukuta na Nafsi, cherehani iliendelea, na nilipofika katikati ya ukurasa alikuwa ameshamaliza mikono yote miwili ya shati.

Hitimisho langu: fasihi bora haiwasimamishi watu kazi zao.

Binti alizitambua zote mbili kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. La kijana asiye na kivuli naelewa. Langu sijui alilijuaje. Nadhani ni ile fahari iliyomo kwenye sauti yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Ramani amebandika bango kwenye mlango wa maktaba. Maktaba yangu! Bango lina picha ya jalada la juzuu ya tano: mwezi, ngazi, msichana ameshika taa. Chini imeandikwa kwamba kitabu kitatoka mwisho wa mwezi. Wanafunzi walikuwa wamejazana mbele ya lile bango, hawasemi kitu, wanalitazama tu. Mmoja alilishika kwa kidole.

Nilisimama nyuma yao kipindi chote cha mapumziko, nikatazama wanavyotazama. Na hapo likanijia. Hawajasoma hata neno moja! Wanapenda karatasi. Tatizo la Ukuta na Nafsi halijawahi kuwa maandishi. Tatizo ni jalada, ambalo ni la kijivu, kwa sababu nilisisitiza liwe la kijivu.

Mtoto akikifungua kitabu changu huku moyo umeshampasuka kwa hamu, atakisoma jinsi kinavyostahili kusomwa. Atakipenda. Shule nzima itakipenda. Kisha nitasimama mbele ya Mkuu, mbele ya Ramani, mbele ya mgeni mwenyewe, na kusema: mlichokisifu wiki nzima ni changu. Binti yangu atakuwepo ukumbini. Atasikia.

Chini ya kitanda chetu kuna boksi zima la Ukuta na Nafsi. Mke wangu hulivuta na kulikanyaga anapotaka kufikia juu ya kabati. Leo nimelifuta vumbi. Usiku huu furaha hainipi usingizi.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya kazi za mikono. Mimi si mtu wa kazi za mikono.

Asubuhi nilikwenda duka la fotokopi na picha ya lile bango. Kijana wa dukani aliuliza kama mimi ni wakala wa mwandishi. Nikasema ni mwenzake katika fani. Akaniomba nimsalimie. Majalada yametoka vizuri, ila mwezi umeingia ukijani kidogo.

Nyumbani nilijifungia chumbani. Nikabandua majalada ya kijivu. Nikatoa kwa wembe kila ukurasa wenye jina langu na picha yangu (picha ile nilipiga nikiwa nimeshika kidevu, iliniuma kuikata). Ukurasa wa kutabaruku, ule wa kumtunuku mtu kitabu, nilishindwa kuukata. Niliuwekea wembe mara kadhaa. Hauna jina la mtu, nikajiambia. Nikauacha.

Kukata majalada mapya kulihitaji mkasi mkali. Mkasi mkali pekee humu ndani ni ule mkubwa wa mke wangu. Anayeishi na fundi cherehani anajua mkasi wa kitambaa haugusi karatasi. Mimi najua. Nimeambiwa kabla hata ya ndoa. Nilidhani hatajua.

Alijua alipoanza kukata kanzu ya mteja na kitambaa kikatafunwa badala ya kukatwa. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikuja mlangoni ameshika mkasi, akatazama kitanda kilichojaa miezi ya kijani, akauliza hivi nina miaka mingapi. Nikamwambia hii ni shughuli ya shule. Akasema basi shule imnunulie mkasi mwingine. Kisha akaniambia niondoe gundi kwenye foronya.

Nimelala nimegeukia ukutani. Sina kinyongo. Kila kazi kubwa ina watu wasioielewa, na wengi wao huwa ni wake.

Jumatatu, 13 Mei

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nilifungua maktaba kabla ya kengele, nikapanga nakala kwenye meza ya mbele, nikatangaza wakati wa mkusanyiko wa asubuhi kwamba juzuu ya tano imetufikia mapema kupitia mfadhili asiyependa kutajwa. Huo si uongo. Sipendi kutajwa, kwa sasa.

Kilichofuata sijawahi kukiona. Walikimbia. Watoto walikimbilia kitabu changu! Mmoja alipoteza kiatu na hakurudi kukifuata. Kulikuwa na kusukumana, kulikuwa na mtoto aliyekaa juu ya nakala ili wengine wasiichukue. Nakala ziliisha kabla sijaketi. Ramani alipata ya mwisho kwa kutumia cheo chake, akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu mwenye ladha.

Mchana nimepita madarasani nikachungulia. Vichwa vimeinama. Kimya. Ukuta na Nafsi chini ya madawati! Wakati wa tabaka za miamba!

Binti yangu naye amepata nakala. Baada ya chakula alikwenda nayo chumbani akafunga mlango. Nikasimama nje ya mlango ule na kusikiliza kurasa zikifunguliwa. Nilisimama mpaka mke wangu akaniuliza nafanya nini pale. Nikasema napunga upepo.

Jumatano, 15 Mei

Mambo yameharibika, kisha yakaharibika zaidi, kisha nikasifiwa. Sijui niandike lipi kwanza.

Kwanza watoto. Hawaelewi kitu. Riwaya yangu inaanza na mtu anayetazama ukuta, na kwa sura tatu anaendelea kuutazama, kwa sababu maisha ndivyo yalivyo. Wao wanataka kujua msichana yuko wapi. Kundi moja linaamini mtu yule ni kijana asiye na kivuli amezeeka. Kundi la pili linaamini kijana amegeuzwa kuwa ukuta. Wamegombana, wengine hawasalimiani. Msichana mmoja amelia darasani akisema mwandishi wake ameishiwa, amechoka, ameandikiwa na mtu mwingine. Nilimwomba afafanue huyo mtu mwingine ana mapungufu gani. Alifafanua. Ningetamani asingekuwa na kumbukumbu nzuri kiasi kile.

Wakaniomba mimi, mwalimu wao wa Fasihi, niwaeleze maana ya ukuta. Nimefundisha vipindi viwili mfululizo. Sijawahi kufundisha vizuri vile. Nilipogeuka kutoka ubaoni, mstari wa nyuma wote ulikuwa umelala.

Kisha chumba cha walimu, saa ya chai. Mkuu yupo. Ramani ameketi na juzuu ya tano mapajani, amekonda. Nilitarajia akiponde. Hakukiponda! Amekula kiapo cha kumtetea mwandishi wake na hawezi kurudi nyuma. Akasema kitabu ni kizito, ndiyo, lakini kina kina. Kwamba mwandishi amekua. Kwamba huenda hiki ndicho bora kuliko vyote. Akafungua, akasoma kwa sauti: Ukuta ulinitazama, nami nikauonea haya.

Sentensi yangu! Hakuna binadamu aliyewahi kuisoma kwa sauti isipokuwa mimi, bafuni. Na aliisoma vizuri, alipumzika palepale penye mkato. Akanigeukia akauliza, mwenzangu, wewe mtu wa soda, useme kwa haki, hii si sentensi nzuri?

Maji yakanifika shingoni. Kusema hapana ni kujitukana. Kusema ndiyo ni kujinyonga. Mke wangu angesema ninyamaze. Nikasema ni sentensi ya mtu aliyeteseka. Nikasema hiyo ni fasihi ya kweli. Nilisema mengi, na nadhani nilisimama juu ya kitu.

Mkuu akauliza taratibu: kwa hiyo mwalimu wa Fasihi anakubali kwamba mwandishi wa Bweni la Juu ni mwandishi mzuri? Nikasema, kwa hali ilivyo, ndiyo. Akasema hilo limemrahisishia kazi. Ramani akanipa mkono, akanivuta, akanikumbatia, akasema hakujua mimi ni mtu muungwana kiasi hiki. Kumbatio lake ni la moyoni. Simpendi kabisa.

Nyumbani jambo moja limeniinua. Wanafunzi karibu wote wamezirudisha nakala zao. Binti yangu hajarudisha. Iko kitandani kwake na amefika mbali. Damu ni damu.

Ijumaa, 17 Mei

Nitaandika kwa ufupi.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilitegemea mwandishi wa manukato na viatu virefu. Amekuja mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, mfuko wa kitambaa, na miwani ambayo mguu mmoja umefungwa uzi. Mkuu alimkaribisha. Binti yangu alikuwa amechaguliwa kupeleka kipaza sauti kwa wanaouliza. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi. Nilikuwa nyuma, karibu na mlango, na hotuba yangu mfukoni.

Mvulana wa kwanza akamuuliza mgeni kama vitabu vyake ni uandishi mzuri, kwa sababu mwalimu wetu wa Fasihi anasema ni soda. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikatazama feni.

Mgeni alicheka. Akasema hajui kama ni uandishi mzuri, hilo watalijua watu wa baadaye. Akasema anachojua ni jinsi anavyofanya kazi: kila sura akishaiandika huwaita watoto wa majirani, anawasomea, na pale mtoto anapotazama dirishani anaweka alama. Jioni anakata kila penye alama. Wakati mwingine anakata sura nzima, na huwa analia. Akasema anawakatia watoto wanaochoka, lakini hajawahi kuwaandikia kitu asichokiamini mwenyewe.

Amekiri! Anaandika kwa kufuata dirisha! Nikatoa hotuba mfukoni.

Lakini yule msichana aliyelia Jumatano akawahi kusimama. Akainua juzuu ya tano, akauliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, kwa nini ametufanyia hivi.

Mgeni akasema juzuu ya tano haijatoka. Bado iko kwa mchapaji.

Nikarudisha hotuba mfukoni.

Akaomba aletewe kile kitabu. Binti yangu akampelekea. Akakigeuza, akautazama mwezi wa kijani, na jalada likabanduka lenyewe likabaki mkononi mwake. Nikaanza kuondoka kwa nyumanyuma. Mlangoni alisimama Ramani, uso umempauka. Jana nzima alikuwa akiwaeleza watoto kwamba ukuta ni kijana asiye na kivuli. Alijaza mlango wote, sikupata pa kupenya.

Mgeni akafungua ukurasa wa mwanzo kabisa. Ule nilioshindwa kuukata. Akausoma kwenye kipaza sauti: Kwa binti yangu, ambaye akikua atanielewa. Akaweka kitabu chini. Akasema yeye hana binti, ana wavulana watupu. Akauliza binti huyu ni nani.

Nilisali. Nilisali kwa ajili ya umeme kukatika.

Binti yangu alikuwa amesimama palepale pembeni ya mgeni. Akachukua kipaza sauti. Akasema ni yeye. Akasema amekua, na bado haelewi.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama mimi tu, kupita vichwa vyote vile. Akasema pia kwamba yeye amekisoma mpaka mwisho, mara mbili, na watu waache kucheka. Wakaacha.

Mgeni aliniita mbele. Nilikwenda, sijui kwa miguu ya nani. Alinirudishia kitabu kwa mikono yote miwili. Akaniambia, mbali na kipaza sauti, kwamba ule mstari wa binti ndio mzuri kuliko yote aliyoiona humo, kwa sababu ndani yake kuna mtu.

Amesifu kitabu changu mbele ya shule nzima. Naliandika hapa mapema, kabla watu hawajalipotosha.

Jumamosi, 18 Mei

Mkuu aliniita asubuhi hii, siku isiyo ya kazi, ili nijue uzito wa jambo. Klabu ya Usomaji amepewa Ramani. Funguo za maktaba amepewa Ramani. Bweni la Juu limeingia kwenye orodha, na sababu aliyoitaja ni maoni ya kitaalamu niliyoyatoa mimi mwenyewe saa ya chai. Nikajaribu kueleza kwamba nilikuwa nasifu kitabu kingine. Akasema anajua. Akasema ndiyo maana ameyaamini, hajawahi kuniona nikisifu kitu kwa moyo safi namna ile.

Mke wangu alipohadithiwa alicheka mpaka akaweka sindano chini asije akajichoma. Kisha akaacha kucheka ghafla akasema nimwangalie mtoto.

Sikujua nimwangalie vipi. Nilikaa sebuleni nikakohoa mara kwa mara.

Jioni alikuja mwenyewe. Akakaa. Akasema Jumatatu alijua ni kitabu changu kutoka kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu alishakisoma mwaka jana, bibi yake alipofariki. Bibi yake ni mama yangu. Akasema siku zile nilikuwa siongei. Niliongea na wageni, niliongea kuhusu viti na turubai, yeye sikumwambia neno. Basi akavuta boksi chini ya kitanda akachukua nakala, ajue baba yake ana nini kichwani. Akasema alikuta ukuta.

Nilitaka kumweleza kuhusu ishara katika riwaya. Nashukuru sikumweleza.

Akasema miezi ile hakuweza kulia. Kisha akafika juzuu ya pili ya Bweni la Juu, mahali ambapo yule msichana anafiwa na bibi yake. Msichana halii, hasemi kitu, anachukua shuka za bibi na kuzifua. Basi. Akasema aliurudia ukurasa ule mpaka akalia, na akajiona yuko na mtu. Akasema hajui kama huo ni uandishi mzuri. Anataka mimi nimwambie. Lakini si kama mwalimu.

Akanipa juzuu ya pili. Masharti yake: nisiguse kalamu wakati nasoma, na nikimaliza nimwambie nilichokisikia moyoni tu. Si makosa. Nikaapa. Nimeapa kwa jina la mama yangu.

Hakuondoka mara moja. Alikaa pembeni yangu, bega lake limegusa langu, tunatazama cherehani ya mama yake. Inzi alitua puani pangu na sikujitikisa.

Jumapili, 19 Mei

Nimesoma tangu asubuhi. Sikwenda kula. Nilimwambia mke wangu niko kwenye utafiti.

Kimsingi ni soda. Lakini nilitaka kujua kama dirisha litafunguliwa. (Lilifunguliwa! Na aliyelifungua si yule msichana!)

Mchana nikafika kwenye ukurasa wa shuka. Sikujiandaa. Msichana anazikunja, zina harufu ya bibi, na anajua akizitia majini harufu inakwenda. Anasimama na ndoo. Kisha anazitia. Mama yangu. Mimi mwenyewe nilizitoa shuka zake kitandani, nikampa mtu azifue, nikaenda kuulizia viti. Nililia. Nililia kwa sauti, mke wangu akaja mbio akidhani nimejikata. Binti alikuja nyuma yake akasimama mlangoni, akaona ni ukurasa gani, akatabasamu kidogo kwa machozi, akaondoka taratibu ili nimalize.

Nikausoma tena. Na mara ya pili nikaona kwamba neno shuka limetumika mara tano katika ukurasa mmoja. Mara tano! Sentensi mbili zinaanza kwa Na. Isitoshe, ndoo iliyojaa aya ya juu, aya ya chini inajazwa upya.

Nimeapa kutogusa kalamu na sikugusa kalamu. Nimetumia ukucha. Ukucha hauna wino. Unaacha kamstari tu pembeni ya kosa, safi kabisa, na kazi ilikwenda vizuri hivi kwamba nilirudi mwanzo nikakipitia kitabu chote. Kwenye shuka ya tano karatasi imetoboka kidogo. Hataona.

Amepita mlangoni mara mbili jioni hii akinitazama kama mtu anayengoja zawadi. Nikampungia mkono asubiri. Mambo mazuri yanataka mpangilio.

Kesho asubuhi kabla ya shule nitamkalisha nimpitishe kosa moja baada ya jingine, tukianza na ukurasa ule anaoupenda. Nimeyagawa kwa aina. Atafurahi sana.